Barua ya Miaka Mitano

Simu ya wakili ilimkuta Odessa Gaither akiwa na upawa mkononi, foleni ya watoto wa darasa la tatu ikiwa mbele yake na sinia ya maharage ikikaribia kwisha. Katika jiko la shule ya Marlow Bend simu haziruhusiwi saa za chakula, lakini mwanamke ambaye mwanawe yuko gerezani hazimi simu. Aliichomoa kwenye mfuko wa aproni, akaona jina la Carolyn Ussery, akamwachia mwenzake upawa na kuingia stoo.

"Bi Odessa, uamuzi wa jaji umetoka," sauti ilisema. "Amekataa."

"Amekataa nini? Yote?"

"Yote. Hakutengua adhabu, na kibali cha kukata rufaa pia hakutupa. Itabidi tukakiombe wenyewe huko juu, mahakama ya rufaa. Tuna siku sitini."

Odessa aliegemea magunia ya unga wa mahindi. Rodell, mwanawe, alikuwa amemaliza miaka sita katika kumi na tisa aliyopewa. Kwa muda wa mwaka mzima uliopita familia haikuzungumza jambo jingine zaidi ya ombi hili.

"Kasema kwa nini?"

"Sababu ni ndefu, nitawatumia nakala. Kwa kifupi, amemwamini Coe. Ameona kwamba ile barua ilitumwa. Bi Odessa? Upo?"

"Nipo. Watoto wananisubiri."

Aliporudi kwenye foleni, msimamizi wa jiko, Bi Trudy, alikuwa ameshika kiuno. "Simu tena, Odessa? Kila mtu hapa ana mambo yake nyumbani. Hatuyaleti kwenye maharage."

"Samahani, Bi Trudy."

"Samahani zako nikizipanga zitajaa friza." Wapishi wawili walicheka, kisha wakaona uso wa Odessa wakaacha. Yeye aliuchukua upawa wake na kuendelea kupakua.

Siku ya tatu nakala ilifika. Lanitra, binti yake, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya matunzo, alikuja nayo moja kwa moja kutoka kazini, bado na sare yake ya bluu, akakaa kwenye meza ya jikoni na kuisoma kwa sauti. Kurasa ishirini na mbili. Alisoma kama anayesoma matusi ya jirani.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Rodell alikamatwa akiendesha gari la binamu yake kutoka Memphis, na ndani ya buti polisi wakakuta madawa ya kulevya. Alisema hakujua. Kabla ya kesi kusikilizwa, mwendesha mashtaka alitoa dili: akiri kosa dogo, afungwe miaka mitano. Rodell hakuwahi kuijibu dili hiyo. Akaenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama, akashindwa, akapata kumi na tisa. Miaka mitatu baadaye ndipo akaja kusikia, kwa bahati, kutoka kwenye karatasi za faili lake, kwamba dili ilikuwepo. Akaandika ombi kwa mkono wake mwenyewe, huko huko gerezani: adhabu yangu itenguliwe, maana wakili wangu, Brantley Coe, hakuniambia. Mahakama ikamweka Bi Ussery amsaidie. Coe akaitwa, akaapa, akasema alimwambia kwa mdomo na akamwandikia barua pia.

"Sikiliza hapa," Lanitra alisema. "'Daftari la mahabusu halionyeshi kwamba Wakili Coe alimtembelea mshtakiwa mwezi huo.' Si unaona? Jaji mwenyewe anakubali! Halafu anasema, 'Hata hivyo nakala ya barua imo katika faili la wakili, imeandikwa anwani ya nyumbani kwa mshtakiwa. Upande wa mshtakiwa unadai haikutumwa kamwe. Dai hilo silikubali.' Silikubali! Kama vile kakataa chai." Akageuza ukurasa. "'Zaidi ya hayo, mshtakiwa alishikilia mpaka mwisho kwamba hana hatia. Mtu wa namna hiyo asingeikubali dili hata angeiona.' Mama, huyu jaji ana watoto kweli?"

Odessa alikuwa amesimama kwenye sinki, amempa mgongo. Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha takata.

"Coe ni mwongo tu," Lanitra aliendelea. "Kaandika barua yake juzi, kaitia tarehe ya zamani, kaisukuma kwenye faili. Mungu anamwona."

"Usimtaje Mungu na mdomo wenye hasira," Odessa alisema, na hakugeuka.

Coe hakuwa mwongo katika hilo. Barua ilikuja. Ilikuja Jumanne moja ya Februari, miaka sita nyuma, bahasha ndefu nyeupe yenye jina la Rodell L. Gaither, na Rodell wakati huo yuko mahabusu ya kaunti, dakika ishirini kwa gari kutoka kwenye sanduku lile la posta. Odessa aliifungua kwa sababu barua zote za nyumba ile alizifungua yeye. Aliisoma amesimama barazani. Miaka mitano akikiri. Jibu litolewe kabla ya Ijumaa ya wiki itakayofuata.

Alikumbuka vizuri alivyoona. Hakuona miaka mitano. Aliona lile neno *kukiri*. Aliona kijana wake, aliyemwambia kupitia kioo cha mahabusu, machozi yakimtoka, "Mama, nakuapia sikujua kilichokuwemo," akisimamishwa mbele ya watu kusema kwamba alijua. Mtu asiye na kosa hakiri. Mungu aliyemtoa Danieli kwenye tundu la simba hakumtoa kwa dili. Akasema ataomba siku tatu, kisha atampelekea. Aliomba siku tatu, na katika maombi yake hakusikia mtu akimwambia kubali. Siku ya nne mvua ilinyesha, siku ya tano alikuwa kazini. Ijumaa ile ikapita, na barua akaitia ndani ya bahasha ya bima ya mazishi, mahali ambapo hakuna mtu angefungua akiwa yeye bado hai.

Baada ya hukumu alitaka kusema. Kisha akaona hakuna faida. Na lilipokuja hili la ombi, siku ya kusikilizwa, Bi Ussery alimvuta kando koridoni, nje ya chumba cha mahakama, akamwuliza, "Bi Odessa, nataka nijue kabla sijaingia. Barua yoyote kutoka kwa Coe, wakati ule, ilifika nyumbani kwako?" Lanitra alikuwa amesimama pale pale. Mchungaji wao alikuwa amesimama pale pale, na kofia yake mkononi.

"Hapana," Odessa alisema. "Sikuona barua."

Basi wakili akaingia bila kumwita kuapa, maana mama mtu asiye na karatasi ni shahidi dhaifu, akasimama juu ya neno hilo, akasema barua haikutumwa, na jaji hakumwamini.

Jumamosi alikwenda kumtazama Rodell. Mwendo wa saa tatu barabarani, mashamba ya mpunga pande zote mbili. Mlangoni askari mwanamke alimtazama kutoka kichwani mpaka magotini, akatikisa kichwa.

"Sketi hiyo haiingii."

"Ina nini? Ni ndefu."

"Ni kaki. Wafungwa wanavaa kaki. Nikikuingiza na kaki, nikaja kukuchanganya nao, nitamwambia nini bosi?"

"Dada yangu, nina miaka sitini na minne. Nani atanichukua kwa mfungwa?"

"Mimi siandiki sheria, mama. Barabarani kuna duka."

Akaendesha maili saba kurudi nyuma, akanunua sketi ya maua isiyomfaa kiunoni, akaibadilisha ndani ya gari, ameinama chini ya usukani kama mwizi. Alipoingia mwishowe, saa nzima ya muda wa wageni ilikuwa imekwenda.

Rodell alimkumbatia, akamshika mabega, akamtazama sketi. "Mama, umekwenda Hawaii?"

"Nyamaza wewe."

Walikaa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tano sasa, mvi zimeanza pembeni, mwili mkubwa uliobanwa kwenye kiti cha plastiki. Lakini siku hiyo alikuwa na uchangamfu ambao Odessa hakuutegemea kwa mtu aliyekataliwa. Alichora kwa kidole juu ya meza kana kwamba kuna ramani.

"Nimesoma uamuzi mara nne. Jaji amejifunga mwenyewe. Daftari linaonyesha Coe hakuja. Kwa hiyo kinachomshikilia Coe ni barua tu. Barua tu, Mama! Na nani anajua kama barua ilifika? Si jaji. Ni mwenye nyumba. Wewe ndiye unayefungua sanduku la posta." Aliinama mbele. "Ukiapa kwa maandishi kwamba haikufika, Coe kwisha habari yake. Nataka umwambie Bi Ussery aipeleke rufaa pamoja na kiapo chako."

Odessa aliangalia mikono yake.

"Mbona hukuitwa kusema siku ile? Hilo ndilo linaloniumiza," Rodell alisema. "Ulikuwa pale pale."

"Nitazungumza na wakili."

"Zungumza naye Jumatatu. Siku zinahesabika."

"Nitazungumza naye."

Alimnunulia mkate wa kuku kwenye mashine ya kuuzia vyakula, na akamwangalia akila. Alikula haraka, kama walavyo wote humo. Mara tatu Odessa alifungua mdomo, na mara tatu akasema jambo jingine: habari za kanisa, habari za kiharusi cha jirani yao Bwana Tolliver, habari za mvua.

Jumapili, baada ya ibada, ndipo mambo yalipomshinda. Kanisani mchungaji alikuwa amemsimamisha katikati ya watu na kuomba wote wanyooshe mikono kuelekea kwa "mama huyu mwaminifu anayepigania haki ya mwanawe dhidi ya uongo." Mikono mia ilinyooka. Odessa alihisi kila mkono kama kidole.

Nyumbani Lanitra alikuwa akikata mkate wa mahindi. "Basi kesho unakwenda kwa wakili saa ngapi? Nibadilishane zamu nikusindikize?"

"Siendi kuapa."

"Usiogope, hawatakuuliza mengi. Barua haikufika, sahihi, kwisha."

"Lanitra. Siwezi kuapa kwamba haikufika."

Kisu kilisimama.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilifika."

Binti aliweka kisu chini. Kisha akauliza polepole, kwa sauti aliyoitumia kwa wazee waliochanganyikiwa kule kazini. "Mama, ilifika wapi?"

"Hapa. Kwangu."

"Ukaifanya nini?"

"Nikaisoma."

"Halafu?"

"Nikaiweka."

Lanitra aliketi. Alianza kuhesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena. "Miaka mitano. Kwa tabia njema wanapunguza kidogo. Angetoka mwaka juzi. Mwaka juzi, Mama! Angekuwa amekaa hapa. Mimi nimeolewa bila kaka. Nimemwandikia Coe barua ya matusi kwa mkono wangu, nimemtukana mpaka marehemu mama yake, na wewe ulinipa stempu!"

"Coe alipaswa kumfuata mahabusu. Kazi yake ilikuwa kumfuata. Kutupa barua nyumbani kwa mama wa mtu si kazi."

"Ndiyo. Na wewe je?"

Odessa alikusanya makombo ya mkate mezani.

"Na wewe je, Mama?"

"Nilidhani namlinda. Mwanangu asimame aseme kwa mdomo wake kwamba ni mbeba madawa, na si kweli? Nikaona Mungu hatakubali. Nikaona kesi tutashinda. Nilimjibia mimi."

Lanitra aliinuka, akachukua mkoba na funguo. Mlangoni aligeuka. "Kesho saa tatu asubuhi nitakuja kukuchukua. Twende kwa wakili. Usiponingoja barazani nitaingia nikubebe." Akaondoka bila kula.

Ofisi ya Bi Ussery ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kufulia nguo, na sakafu ilitetemeka kila mashine zilipokamua. Wakili aliisoma barua, akaigeuza bahasha, akatazama muhuri wa posta. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliivua miwani.

"Kwa nini hukuitupa?"

"Ilikuwa na jina lake."

Mashine za chini zikakamua, zikanyamaza.

"Nilikuuliza koridoni, Bi Odessa."

"Uliniuliza."

"Ungenijibu hivi siku ile, ningekusimamisha kizimbani nusu saa baadaye. Ningemwambia jaji: sawa, barua ilitumwa, hii hapa, lakini ilitumwa asipokuwepo mwenyewe, na aliyeipokea ni huyu. Coe angekuwa hana pa kusimama." Alijikatiza. Aliona uso wa yule mama akaona hakuna haja.

"Si rufaa ipo?" Lanitra aliuliza. "Wapelekee hii rufaani."

"Mahakama ya rufaa haisikilizi mashahidi, dada. Inasoma kilichokuwa mbele ya jaji wa chini, basi. Kisichokuwemo, kwao hakipo duniani."

"Mrudie jaji, basi."

"Nitamrudia. Nitamwomba alifungue tena shauri lake. Ataniambia hili ni ombi la pili, na ombi la pili sheria imelifungia karibu kila mlango. Lakini nitamrudia. Na rufaa pia nitaiandikisha ndani ya siku sitini, tusije tukapoteza hilo nalo."

Odessa alikuwa na swali lake, na aliona haya kuliuliza. "Mimi nitafungwa?"

"Hapana. Hukuwa umeapa. Ulinidanganya mimi tu."

Lile "mimi tu" lilimwingia Odessa zaidi ya kama angepigwa kofi.

Waliandika hati ya kiapo siku ile ile. Katibu alichapa, Odessa akasoma maneno yake yamekuwa ya kisheria na baridi: *Niliipokea barua. Niliisoma. Sikumpa mwanangu, wala sikumwambia.* Akatia sahihi. Wakili alimwambia kwamba Rodell lazima ajue kabla hati haijafika mahakamani, na kwenye simu za gerezani kila neno linarekodiwa.

"Nikamwambie mimi?" wakili aliuliza.

"Hapana. Mimi."

Safari hii alivaa nyeusi, na askari wa mlangoni hakupata la kusema. Rodell alikuja akitabasamu.

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Mungu akubariki, mama yangu."

"Ngoja kwanza. Sikuapa ulivyotaka." Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi njia nzima, yote yalikimbia. "Barua ilikuja, Rodell. Niliipokea mimi. Nikaisoma nikaificha. Hukuipata kwa sababu yangu."

Rodell alitabasamu bado, kama mtu ambaye mzaha umemchelewa. Kisha tabasamu likaondoka kidogo kidogo, likaanzia machoni.

"Lini?"

"Februari ile. Kabla ya kesi."

"Ulikuwa unakuja kuniona kila Alhamisi."

"Ndiyo."

"Alhamisi ile ulikuja. Ulikaa mbele ya kioo. Ulinisimulia habari za..." Alitafuta. "Za paa la kanisa. Ulinisimulia paa la kanisa, Mama, na unayo nyumbani."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniambia hukujua kilichokuwemo. Uliniapia. Nikasema mwanangu hatakiri kosa ambalo si lake."

Rodell alimtazama kwa namna ambayo hakuielewa. Midomo yake ilifunguka, akaifunga. Akanyanyua mkono, akamwita askari.

"Nimemaliza," alisema.

"Una saa mbili bado," askari alisema.

"Nimemaliza."

Akapelekwa. Odessa alibaki na sarafu za mashine mkononi, katikati ya familia nyingine zilizokuwa zikicheka na kula, mpaka askari mwingine akaja kumwambia kwa upole kwamba mtu asiye na mfungwa haruhusiwi kukaa.

Jaji alijibu baada ya miezi miwili, kwa kurasa tatu. Alisema shauri ni ombi la pili na hana mamlaka nalo. Angeweza kuishia hapo. Lakini aliongeza kwamba hata angekuwa na mamlaka, barua iliyoletwa inathibitisha kile alichosema Wakili Coe tangu mwanzo, kwamba aliituma. Na kuhusu kiapo cha mama, kimekuja miaka sita baadaye, siku chache baada ya mwanawe kushindwa, kutoka kwa mtu aliyezungumza na mshtakiwa kila wiki na ambaye kwa kila hali angetaka kumwokoa. Hakukipa uzito.

"Hawaniamini," Odessa alimwambia wakili kwenye simu. Alikuwa stoo tena.

"Hawakuamini."

"Nilipodanganya mlinichukulia mkweli, nyote."

Bi Ussery alimwambia rufaa bado ipo.

Mahakama ya rufaa ilichukua miezi mitano. Karatasi ilikuwa moja, na ndani yake sentensi mbili. Kumbukumbu za shauri zimepitiwa kwa makini. Kibali kimekataliwa. Majaji watatu, na majina yao hayakuwa chini. Sahihi ilikuwa ya karani. Lanitra aliisoma mara moja na safari hii hakuwa na maneno ya kutia chumvi. Aliikunja, akaiacha mezani, akamtengenezea mama yake kahawa. Walikuwa wamerudia kula pamoja Jumapili, ingawa hawakuwa wakiongea sana.

Kanisani Odessa alisimama mwenyewe, bila kuitwa, akasema lililotokea. Baadhi walimkumbatia. Baadhi hawakumkumbatia, na mmoja wa kina mama wa kwaya alisema kwa sauti ya kusikika, "Na sisi tulimnyooshea mikono." Odessa aliendelea kukaa kwenye benchi lake. Hakuona kwamba ana haki ya kuhama.

Rodell hakupiga simu mwaka mzima. Barua zake hakuzijibu, ila hazikurudishwa. Wakamhamisha Louisiana, saa sita kwa gari. Kisha mwezi Oktoba, siku ya kazi, simu ikalia, sauti ya mashine ikasema kuna mfungwa anataka kuzungumza, bonyeza tano, na Odessa akabonyeza kwa kidole chenye mchuzi.

"Jina lako nimeliweka kwenye orodha ya wageni," Rodell alisema. "Ukitaka kuja, njoo." Akakata kabla hajajibiwa.

Alikwenda na Lanitra, lakini Lanitra alibaki garini. "Kaeni wawili kwanza," alisema. "Mimi nitaingia kesho."

Rodell alikuwa amenenepa, na mvi zilikuwa zimeenea. Hawakukumbatiana, alimshika mkono mmoja, akauachia. Walikaa wakitazama meza. Odessa hakuthubutu kuanza, maana kila alichoweza kuanza nacho alikuwa amekiharibu.

"Kuna kitu sikukwambia siku ile," Rodell alisema mwishowe. "Niliondoka kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Lakini si hilo tu."

"Sema, baba."

"Nilijua kilichokuwemo."

Odessa aliinua macho kutoka mezani.

"Safari ya kwanza sikujua. Ya pili nilijua. Zilikuwa safari nne. Nilikwambia sikujua kwa sababu ulikuwa unanitazama pale kwenye kioo umevaa kofia ya kanisa. Nikaona haya. Na nilipokwisha kukwambia, sikuweza tena kurudi nyuma. Kesini ulikaa benchi la mbele kila siku. Ningesimamaje kusema nilijua?" Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Ile dili, kama ningeiona, ningetia sahihi siku ile ile. Hata kalamu nisingengoja. Jaji alisema mtu kama mimi asingekubali. Hakunijua. Na wewe hukunijua, na hilo si kosa lako. Mimi ndiye niliyekupa mtu mwingine ukamwamini."

"Ungeniambia," Odessa alisema. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Ningekasirika mwezi mmoja. Miwili."

"Najua."

"Ningekupikia ukitoka."

"Najua, Mama. Na wewe ungenipa barua yangu."

"Ndiyo."

"Nikose mwenyewe, au nipate mwenyewe. Ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako."

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba wamebakiwa na saa moja na dakika arobaini. Hakuna aliyeomba kuondoka. Rodell aliuliza kama Bwana Tolliver alipona kiharusi chake, akaambiwa alikufa, akasikitika. Odessa aliuliza kama chakula cha huku ni afadhali, akaambiwa ni kile kile, ila huku wali wanaupika ukaiva. Akauliza imebaki miaka mingapi sasa. Walipiga hesabu pamoja, wakatoa siku za tabia njema, wakapata minane na miezi kadhaa. Odessa atakuwa na sabini na minne.

Askari alipotangaza muda umekwisha, wageni walitakiwa kutoka kwanza. Katika gereza hili mfungwa haruhusiwi kuinuka mpaka chumba kibaki kitupu. Odessa alisimama peke yake. Mwanawe alikaa, viganja juu ya meza, akimtazama kutoka chini kwenda juu kama alivyomtazama akiwa mtoto wa miaka minne, na ilimbidi mama ainame sana ili amfikie. Aliweka shavu lake juu ya kichwa chake. Rodell aliliacha likae.

"Nenda, Mama," alisema. "Wanakusubiri wewe."

Akaenda. Mlangoni alitaka kugeuka, lakini nyuma yake foleni ilikuwa ikisukuma.